Safari ya Brugge
Wadau habari za jioni, juzi pale Nyerere Square wengine mliniuliza Brugge, ule mji wa mifereji kule Ubelgiji tunaopanga kwenda, una nini cha maana, jamani sisi wa Dodoma tuliozoea vumbi na makorongo makavu ndo tutaupenda zaidi, unapanda boti unapita chini ya madaraja ya mawe, nyumba za matofali zimesimama kabisa kwenye maji, afu ule mnara wa kengele una ngazi 366 ukifika juu unauona mji wote. Toka Brussels ni treni tu kama saa moja. Mi naomba tulale usiku mmoja, watalii wa kutwa wakiondoka ndo panatulia. Wenye pasi zilizoisha shughulikieni wiki hii, viza inachukua muda, mchango mwisho ijumaa kwa mweka hazina.