Shangazi, usonji haukuletwa na mkweo

Shangazi yangu, shikamoo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu na wewe ulisema hadharani, pale kwenye arobaini, kwamba mjukuu wako hasemi kwa kuwa mama yake ni mtu wa kazini, hampakati, kamwachia dada wa kazi. Mtoto ana usonji (autism), hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa kusema na kuchangamana na watu.

Hukuanza wewe. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wenye usonji, akagusia kuwa wazazi wao ni wasomi na wachache tu kati yao wana bashasha. Kina mama wakabebeshwa lawama hiyo miaka na miaka. Kisha 1977 watafiti Susan Folstein na Michael Rutter wakachunguza mapacha Uingereza, kila jozi ikiwa na angalau mmoja mwenye usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, waliorithi vinasaba vilevile, jozi 4 wote wawili walikuwa na usonji. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Malezi yangekuwa ndiyo chanzo, tofauti hiyo ingetoka wapi?

Damu imo, basi. Ila usikimbilie ukoo wa mkweo: babu yetu mdogo, aliyejua namba za kila basi la Korogwe na hakutaka kuguswa, alikuwa wa kwao?

Familia inapoingia kwelikweli ni baadaye. Mtoto wa kwanza kwenye orodha ya Kanner, Donald Triplett wa Mississippi, aliwekwa kwenye kituo cha kulelea watoto akiwa na miaka mitatu, kisha wazazi wakamrudisha nyumbani. Kwa mama yake walikuwa na benki. Baadaye akaishi na mkulima na mkewe, wakamwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alimaliza chuo 1958, akafanya kazi katika benki ile, akaendesha gari, akacheza gofu, akafariki 2023 ana miaka 89. Kanner alipowafuatilia tena watoto wale 11, mwaka 1971, waliofungiwa hospitali za serikali walikuwa wamedidimia.

Sisi benki hatuna. Tuna nyumba yako ya Ilala, jirani na kliniki, na mkweo anatoka Chanika alfajiri na mtoto anayeziba masikio kwa honi za daladala, akifika amechoka hata mazoezi ya kusema hayafanyiki.

Walale kwako siku moja kabla ya kliniki. Chumba cha nyuma kipo wazi tangu mpangaji ahame. Na kodi usimdai.