Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Serikali: mguu kifundo hauponi siku hogo linapovuliwa

Ndugu Mganga Mkuu,

Tunakuandikia kuhusu viatu.

Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, unyayo umegeukia ndani na kisigino kimepanda juu, hunyooshwa kwa njia ya Dkt. Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani: kwanza kwa mkono, kisha kwa hogo, yaani plasta ngumu inayoufunga mguu, wiki baada ya wiki. Plasta na pamba huagizwa. Viatu vya kuuzuia mguu usirudi mara nyingi huachiwa mzazi atafute mwenyewe, na hapo kazi yote humwagika.

Hogo lenyewe lina masharti. La kwanza haliupeleki mguu nje. Linainua tu mfupa ulio nyuma ya kidole gumba ili upinde wa unyayo ulegee. Anayeukandamiza upande huo chini anauzidisha ule upinde. Kuanzia la pili unyayo husogezwa nje taratibu, huku gumba la mtaalamu limekita kwenye kichwa cha talasi, mfupa ulio juu ya kisigino, upande wa nje, mbele ya kifundo. Akikita kwenye kisigino, amekifungia njia: hakitazunguka tena chini ya talasi. Kosa hili ndilo tunalolikuta zaidi.

Hogo hubadilishwa kila siku 5 hadi 7, na lifike juu ya paja, goti limekunjwa nyuzi 90. La kuishia chini ya goti huteleza kama soksi. Vidole vikianza kupotelea ndani, au vikibadilika rangi, livuliwe siku hiyohiyo. Wala mzazi asiambiwe aliloweke nyumbani usiku wa kuamkia kliniki. Kufikia asubuhi mguu umeshaanza kurudi.

Mahogo 5 au 6 huwatosha wengi. Kisigino huwa bado kiko juu, hivyo kano yake hukatwa kwa ganzi, tundu dogo lisiloshonwa, na hogo la mwisho hukaa wiki 3. Anayelazimisha kisigino kishuke kabla ya wakati huuvunja unyayo katikati, ukabinuka kama kitako cha ngalawa.

Halafu viatu, viwili vilivyoungwa kwa upau wa upana wa mabega ya mtoto: mguu wenye kilema utazame nje nyuzi 60 hadi 70, mzima nyuzi 30 hadi 40. Saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na usingizi wa mchana hadi miaka 4. Mguu ukirudi, sababu kubwa ni viatu kutovaliwa. Faili huandikwa “mama mzembe”, ilhali kiatu kilimbana mtoto miezi miwili na hakikuwapo kikubwa zaidi.

Sera yetu inamsamehe malipo mtoto wa chini ya miaka 5. Umri wote wa viatu umo humo. Uganda hutengenezwa vya ngozi, mbao na nondo kwa mchoro wa Michiel Steenbeek, aliyevibuni. Nasi tunao mafundi wanaofundishwa TATCOT, chuo cha mafundi wa vifaa vya mifupa, Moshi.

Tunaomba viatu vya saizi zote viingie kwenye oda za Bohari ya Dawa pamoja na plasta. Wakunga waangalie nyayo kabla mama hajaruhusiwa. Na ripoti za kliniki zisimhesabu mtoto kuwa amepona siku ya kuvuliwa hogo. Ziwe na safu ya anayeendelea kuvaa viatu akiwa na miaka 2.

Wahudumu wa kliniki za mguu kifundo