Somo, ile albamu si ya spika

Somo yangu,

Salamu nyingi. Sisi wazima. Barua yako ilifika Jumanne, fupi kama risiti. Nimekuazima Vespertine, ile albamu ya mwimbaji Björk, wiki tatu nzima, nimekaa roho juu nasubiri hukumu, wewe unaniandikia maneno matatu: baridi, ndogo, inachosha. Halafu unahamia kwenye habari za mguu wa shemeji. (Mpe pole. Mwambie asiukanyagie kwanza.)

Nilikasirika, sikufichi. Kisha nikasema, kabla sijagombana na mtu nisiyetaka kugombana naye, hebu niwasikilizishe na wengine, mmoja mmoja, nione kama wazimu ni wangu peke yangu.

Nikaanza na mdogo wangu, nawe unamjua kwa maneno. Dakika mbili tu akavua hedifoni: "Sasa huyu mtu anayechanganya karata karibu na maikrofoni ataimba saa ngapi?" Alidhani ananikejeli. Kumbe ndivyo! Björk alipokuwa anaitengeneza alikusanya vishindo vya ndani ya nyumba, karata zinazochanganywa, barafu inayopasuka, vikakatwakatwa kwenye kompyuta mpaka vikawa midundo. Sehemu ya kazi hiyo waliifanya Matmos, jamaa wawili wa Marekani ambao mwaka uleule wa 2001 walitoa albamu yao wenyewe iliyojengwa kwa sauti za upasuaji wa hospitali. Watu wa namna hiyo hawawezi kukuletea ngoma unayoijua. Kwa hiyo mtu akiniuliza ngoma ziko wapi, jibu ni kwamba zipo, tena nyingi, ila ni za ukubwa wa sisimizi. Ukizitafuta kwa sikio lililozoea besi utazikanyaga bila kujua.

Mwenzangu wa kazini yeye hakulalamikia udogo. Alilalamikia ukaribu. Alifika "Cocoon", wimbo wa pili, akasema anaona haya, ni kama amefungua mlango wa chumba cha watu bila kubisha. Sauti pale haiimbwi kwenda mbele ya umati. Inanong'onwa, inavunjikavunjika, na pumzi unazisikia kabla ya maneno. Tena alinishangaza, kwa sababu "Pagan Poetry" ndio alioukimbia kabisa. Unapakumbuka pale mwishoni, vyombo vyote vinaponyamaza na yeye anabaki peke yake anarudia kwamba anampenda, anampenda, mpaka kwaya inamwitikia? Mwenzangu alisema mtu mzima hapaswi kusikika hivyo. Mimi nasema hapo ndipo albamu yote inaposimama. Tumekubaliana kutokubaliana, na tangu siku hiyo hajanishirikisha chai.

Sasa wewe ukasema baridi. Neno hilo limenikaa kooni, maana nusu yake ni kweli. Mwanamke wa Iceland, sauti za barafu, wimbo mmoja unaitwa "Frosti", na kwenye "Aurora" unasikia kabisa nyayo za mtu anayetembea juu ya theluji. Binamu yangu aliyewahi kuishi kwenye nchi za theluji nilipompigia kumsikilizisha kipande hicho alinyamaza kwanza. Akaniambia theluji ikiwa kavu, baridi imekolea, hulia chini ya kiatu vilevile, kriki kriki, na kwamba theluji mpya ikishatanda humeza makelele mengine yote, kwa hiyo unabaki unasikia mwili wako mwenyewe: pumzi, nguo zinavyosuguana, mate ukiyameza. Baada ya hapo nilirudia albamu yote kuanzia mwanzo.

Kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kosa letu, somo. Na mimi niliwahi kulifanya. Tunasikia majira ya baridi tunadhani ni mtu yuko nje anatetemeka. Huyu yuko ndani! Reykjavik mwezi wa Desemba mwanga wa mchana ni kama saa nne tu, zilizobaki ni giza. Mtu anafunga mlango, anajifunika, anazungumza taratibu na aliye karibu. Hata jina la albamu lina jioni ndani yake: ni neno litumikalo kwa vitu vya wakati wa magharibi, maua yanayochanua jua likizama, popo wanaotoka. Ile baridi iko upande wa pili wa dirisha. Wewe uliweka spika sebuleni, mchana, watoto wanapita, ukasikia dirisha tu.

Na huo ukimya hakuuokota njiani. Albamu yake ya 1997, Homogenic, ni vishindo na vinanda vya nyuzi vinavyonguruma, ile ungeipenda wewe. Baada yake akaenda kuigiza filamu iliyomchosha vibaya, na katikati ya purukushani hiyo ndiyo akawa anatunga hizi nyimbo za sauti ya chini kwenye kompyuta yake ya kubeba. Akachagua kinubi, anachokipiga Zeena Parkins, na selesta, kile kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, na visanduku vya muziki alivyotengenezewa maalumu. Kuna sababu nyingine niliyoipenda zaidi: zama hizo watu walikuwa wameanza kuchota nyimbo kwenye intaneti, faili zinabanwa, sauti nene zinaharibika, naye alisema ametafuta ala ambazo hata zikipitia huko hazipotezi umbo. Yaani wengine wanapiga kelele kuhusu wizi, yeye anachagua kinubi.

Usidhani nimekuwa kasisi wake. Baada ya "Aurora" mambo yanalegea. "An Echo, a Stain" inatisha vizuri, sawa, lakini "Harm of Will" mimi kila mara huwa nakumbuka sufuria jikoni. Haina mahali pa kushika. Mama ndiye aliyenisaidia kulisema hili, alisikiliza albamu nzima, dakika kama hamsini na tano, anashona, hakusema kitu, kisha: "Nzuri. Ila huyu binti angemaliza mapema kidogo." Nikamwambia umekosea mama, maana ukiikatiza hapo unaikosa "Unison", ya mwisho, ambamo kwaya inafunguka kama mtu aliyekaa chumbani majuma mawili hatimaye anawakaribisha wageni. Akasema basi wageni wamecheleweshwa sana. Sikuwa na jibu.

Nawaza pia juu ya ile ziara ya 2001. Alikwenda nayo kwenye majumba ya opera na kumbi za tamthilia, pamoja na Matmos, Parkins, okestra na kwaya ya wasichana wa Greenland. Muziki wa kunong'onezana chumbani, umebebwa na jukwaa zima la watu! Kinadharia ungekufa pale. Lakini nimeona ile rekodi ya Royal Opera House ya London, na watu wamekaa kimya kabisa, wameinama mbele kidogo kwenye viti, kama wanaomsikiliza mgonjwa anayesema polepole. Wasikilizaji wale walifanya kazi ambayo mimi na wewe hufanyiwa na hedifoni.

Kwa hiyo nakuomba hivi, na usinicheke. Usiirudishe CD bado. Ngoja watoto walale, zima taa, vaa hedifoni, zile nzuri za shemeji, yeye kwa sasa yuko kitandani hana pa kwenda nazo. Ruka nyimbo nne za kwanza, nazo ni nzuri lakini umeshazichoka. Anzia wa tano, "Pagan Poetry", uache uende hadi wa saba. Hizo tatu tu. Sauti weka chini kuliko unavyotaka. Kisha niandikie, na safari hii barua, si risiti.

Mdogo wangu, kwa taarifa yako, jana nimemkamata anapiga mluzi "Frosti" akiwa anafunga viatu. Nilipomuuliza akasema ni wimbo wa tangazo fulani. Hakuna tangazo.

Wasalimie wote hapo, na mguu.

Ni mimi,
somo yako