Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Umeme wa Bomba la Mafuta Alipe Nani?

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote kwa heshima, mliofika ukumbini na mtakaoisoma taarifa hii mkiwa majumbani.

Mambo ya ndani ya chama nayapitia upesi. Mahesabu yamekaguliwa na yamebandikwa ofisini. Anayetaka ayasome mwenyewe, na mhasibu yupo kumjibu. Ada zimeingia vizuri kuliko mwaka uliopita. Mwezi Mei tulimzika mweka hazina wetu, mtu aliyetunza risiti hata ya bahasha moja. Familia yake tuliifikia kama ilivyo desturi yetu, na nafasi yake tutaijaza kwa kura leo.

Muda uliobaki nautoa kwa swali moja. Katika mkutano mkuu uliopita, mzee wetu mmoja wa Chongoleani, hapa Tanga, aliinuka akauliza: bomba la mafuta likianza kazi litatumia umeme mwingi, je, LUKU yangu, umeme ninaolipia kabla ya kutumia, itapanda? Sikuwa na jibu. Nilimwahidi kwamba kamati italitafuta, na mwaka mzima tumekuwa tukilitafuta.

Tuanze na bomba lenyewe, maana wengi tunalijua kwa jiwe la msingi lililowekwa hapa Tanga tarehe 5 Agosti 2017 na kwa malori yanayopita. Linatoka Kabaale, Hoima, nchini Uganda, hadi Chongoleani, kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko Tanzania. Mafuta ya Ziwa Albert yana nta nyingi. Yakipoa huganda, kama mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa msimu wa kipupwe. Ili yatiririke lazima yabaki juu ya nyuzi joto 50 njia nzima. Ndiyo maana bomba limevikwa tabaka la kuhifadhi joto na kuwekewa nyaya za umeme za kulipasha. Juu ya hayo kuna vituo 6 vya kusukumia mafuta, 4 kati yake upande wetu. Kwa hiyo umeme kwa bomba hili si wa taa za ofisi na viyoyozi. Bila umeme mafuta hayafiki baharini.

Ni umeme kiasi gani? Mwanachama wetu mmoja, fundi wa pampu kwa miaka mingi, alitufanyia hesabu ambayo hata mimi niliielewa. Bomba limekusudiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku, yaani karibu lita 400 kila sekunde. Kuyapa mafuta hayo shinikizo la bar 100 kunahitaji megawati 4, na ukiweka upotevu wa robo kwenye pampu na mota, inapita 5. Hiyo ni kwa kila bar 100, na mafuta yakisafiri msuguano hula shinikizo, kwa hiyo yanasukumwa tena na tena. Joto halijahesabiwa hapo. Sasa pimeni megawati moja tu: ikiwaka mwaka mzima ni uniti 8,760,000. Nyumba ya D1, kundi la bei la watumiaji wadogo wa nyumbani, inayomaliza uniti zake zote 75 kila mwezi inatumia 900 kwa mwaka. Megawati moja ya bomba, basi, ni sawa na nyumba zaidi ya 9,700 za aina hiyo.

Tulipowafikishia baadhi yenu hesabu hii, jibu lilikuwa kwamba umeme sasa upo, Bwawa la Nyerere limekamilika. Ni kweli, na ni jambo la kujivunia: mashine 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Lakini bwawa liko Rufiji, na bomba linaingia nchini Kagera, mkoa ambao kwa miaka mingi umepata umeme wake kutoka Uganda, kisha linapita Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma na Manyara ndipo lifike kwetu. Umeme haupakiwi kwenye gunia. Unahitaji njia za msongo mkubwa, vituo vya kupozea umeme, transfoma, na akiba ya kutosha ili kituo kikiwashwa mtaa wa jirani usizimike. Swali la mzee wetu linakaa hapo hasa, kwenye njia, zaidi ya kwenye bwawa.

Hapa nakiri kwamba mwanzoni hasira yangu ilielekea mahali pasipo pake. Nilichukua bei zilizoidhinishwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo: D1 shilingi 100 kwa uniti, T1, yaani watumiaji wa kawaida na biashara ndogo, shilingi 292, mteja wa msongo wa kati 157, mteja wa msongo mkubwa 152. Nikasema, tazama, mama mwenye jokofu la samaki analipa karibu mara mbili ya kampuni ya mafuta. Kamati ilinirekebisha. Mteja wa msongo mkubwa hatumii nguzo za mitaani wala transfoma zetu, umeme wake haupotei njiani kama wetu, na juu ya uniti hulipa kila mwezi kwa kiwango cha juu cha umeme alichovuta, malipo ambayo sisi wa T1 hatutozwi. Bei ya chini kwa uniti, peke yake, si dhuluma. Nawaomba tusiende nayo mbele ya watu kama hoja yetu, kwa sababu tutajibiwa kwa dakika mbili na tutakaa.

Hoja yetu iko kwenye kinachojengwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa. Njia ikijengwa kwa ajili ya mteja mmoja, na mteja huyo asiilipie yote, gharama iliyobaki inaingia kwenye hesabu za shirika la umeme. Likienda kuomba bei mpya, gharama hiyo inakuwa sehemu ya mapato linayohitaji, na mapato hayo yanagawanywa kwa wateja wote. Hakuna atakayekuandikia kwenye risiti ya LUKU kwamba shilingi kadhaa ni za bomba. Itakuwa imeyeyuka humo.

Tena kuna suala la umri. Nguzo za chuma na nyaya zake hudumu miaka 40 na zaidi. Visima vya mafuta hufika kilele kisha hushuka. Mafuta yakipungua bombani, pampu zitahitaji umeme kidogo sana kuliko mwanzo, lakini mafuta yanayotembea polepole hupoa haraka, kwa hiyo kupasha joto kutaongezeka. Maana yake mteja huyu hatakuwa na matumizi yaleyale mwaka wa 3 na mwaka wa 20. Na siku atakapofunga milango, njia itabaki imesimama na deni lake likiwa hai. Mkataba unaohesabu mauzo ya miaka ya kilele peke yake unatuachia sisi miaka ya mwisho.

Wenye umri wangu hatuhitaji kuelezwa jambo hili kwa nadharia. Mkataba wa IPTL, kampuni binafsi ya kuzalisha umeme, wa mwaka 1995, megawati 100 pale Tegeta, ulitufundisha maana ya kulipia mtambo uzalishe usizalishe. Safari ile nchi ilijifunga kulipa. Safari hii tunataka mnunuzi ndiye ajifunge: alipie uwezo aliotengewa, autumie asiutumie, hadi gharama ya njia yake iishe.

Jambo jingine limenikosesha usingizi kuliko hayo yote. TANESCO, shirika letu la umeme, ni ya umma. TPDC, shirika letu la mafuta, ambayo nayo ni ya umma, ina asilimia 15 ya kampuni ya bomba, sawa na shirika la mafuta la Uganda, UNOC. TotalEnergies ya Ufaransa ina 62 na CNOOC ya China 8. Wapo wanaosema kwamba hata bomba likipewa umeme kwa nafuu, faida inarudi nyumbani. Pigeni hesabu. Kila shilingi 100 ambayo bomba litapunguziwa, hata yote ikigeuka kuwa gawio, 15 ndizo zitarudi kwa TPDC na 85 zitakwenda kwa wabia wengine. Shilingi 100 zile zimetoka kwetu zote. Nafuu ya namna hiyo haimfai Mtanzania, na sioni aibu kuirudia hoja hii popote nitakapoitwa.

Nisieleweke vibaya. Chama hakipingi bomba; baadhi ya vijana wetu wanakula kwa kazi zake, na mchango wa bandari kwa mji huu hatuwezi kuubeza. Wala sioni ubaya wa njia mpya za umeme. Zikijengwa kwa busara, kijiji kilicho kando ya mkuza, ile ardhi iliyotengwa kwa njia, kinaweza kupata umeme miaka kadhaa mapema, na gharama ya kuunganishwa kijijini ni shilingi 27,000. Sehemu ya njia itakayotumiwa na vijiji, tuko tayari kuichangia kama wateja wengine. Lakini sehemu hiyo ipimwe na itajwe, isiwe kisingizio cha kubebeshwa yote.

Mwaka huu tuliandika barua kwenye ofisi moja inayohusika, tukiomba kujua nani analipia njia na vituo vya kupozea umeme. Tulijibiwa kwa adabu kwamba mikataba ni siri ya biashara. Tukaandika tena, tukasema hatuhitaji mkataba mzima: tunaomba gharama ya ujenzi, mgawanyo wake, na miaka ya marejesho. Barua hiyo bado haijajibiwa. Nimekwenda mwenyewe mara tatu, na nitakwenda tena.

Wakati huohuo kamati imeandaa maoni yetu kwa maandishi. Shirika la umeme likiomba kubadili bei, EWURA huitisha taftishi, yaani kikao cha kusikiliza maoni ya umma, na hapo kila mwananchi ana haki ya kusema. Tutaomba gharama zilizojengwa kwa ajili ya bomba ziwekwe kwenye daftari lake peke yake, zisichanganywe na zetu. Pia tutaomba wabia waweke dhamana ya kulipia salio iwapo bomba litafungwa mapema. Mwaka huu wa 2025 mafuta bado hayajaanza kupita, kwa hiyo wakati wa kuyasema haya ni sasa, kabla hesabu hazijakauka wino.

Tunachokosa ni ushahidi wa nyumbani. Naomba kila tawi likusanye risiti za LUKU za nyumba kumi na biashara tano, za miezi 12 mfululizo, zikionyesha uniti na fedha. Ficheni majina, acheni kundi la bei lisomeke. Atakayezipokea ni katibu, kabla ya mwisho wa Februari. Mzee wa Chongoleani ameshaleta za kwake, zimefungwa kwa mpira kwa mpangilio wa miezi, na ziko mezani hapa kwa anayetaka kuona zinavyotakiwa kuwa.

Mwenyekiti