Torenti ikigoma, tusikimbilie kuifuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nipinge ushauri uliotolewa katika ukurasa wenu wa teknolojia. Msomaji alilalamika kwamba torenti, yaani njia ya kuvuta mafaili makubwa kwa vipande kutoka kwenye kompyuta za watu wengi, inamsumbua kwenye kompyuta ya nyumbani, akajibiwa aifute kwa sababu ni chombo cha wezi wa filamu na kinaleta virusi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Iringa, nafundisha fizikia na kompyuta, na jioni majirani huniletea mashine zao nyumbani Kihesa. Ushauri ule unawanyang'anya watu chombo ambacho sisi, wenye umeme wa kukatika na bando la kuhesabu, tunakihitaji kuliko mtu yeyote.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 ilifika mwisho wa huduma zake za kawaida. Kompyuta nyingi za mitumba zilizoko majumbani na shuleni haziruhusiwi kupanda Windows 11, maana hiyo inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni. Mashine hizo bado zinafanya kazi vizuri, na njia rahisi ya kuziendeleza ni kuziwekea Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Faili la Ubuntu 24.04, mojawapo ya Linux hizo, lina karibu GB 6. Livute kwa kivinjari cha kawaida, umeme ukatike ukiwa umefika GB 5, na mara nyingi utaanza upya huku bando limeshaliwa.

Torenti haifanyi hivyo. Bram Cohen, Mmarekani aliyeibuni mwaka 2001, aligawa faili katika vipande vidogo, kwa kawaida vya KB 256 hadi MB kadhaa, kila kimoja na alama yake ya uhakiki. Kompyuta yako inavikusanya kutoka kwa watu wengi kwa wakati mmoja, inakagua kila kipande kinapofika, na kibovu inakitupa na kukiomba tena. Umeme ukirudi, inaendelea ilipoishia. Ubuntu, Debian (Linux nyingine) na LibreOffice (programu za ofisi) wenyewe wanatoa mafaili yao kwa njia hii, maktaba ya mtandaoni ya Internet Archive pia, na Kiwix wanatoa Wikipedia ya kusoma bila intaneti. Wizi uko wapi hapo? Anayechukua filamu ya mtu bila idhini anavunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, awe ametumia torenti, flashi au simu ya rafiki yake. Hilo nalikemea hata darasani. Lakini si sababu ya kumwambia mzazi afute programu ambayo inaweza kuifufua kompyuta ya mtoto wake.

Sasa nije kwenye kugoma kwenyewe. Programu ninayoitumia ni qBittorrent, haina matangazo na ni ya bure. Jambo la kwanza ni kusoma inachoandika kabla ya kulaumu mtandao. Ikiandika "Stalled", ina maana imekaa tayari ila hakuna anayeipa kitu. Angalia safu ya sida, yaani kompyuta zenye faili zima. Ukiona sifuri, tatizo haliko nyumbani kwako na hakuna fundi atakayelitatua. Ukiona faili limefika asilimia 99 likaganda siku nzima, angalia namba ya "Availability". Ikiwa chini ya 1, maana yake watu wote waliopo hewani, ukiwajumlisha, hawana faili kamili. Subiri, au tafuta toleo jipya zaidi kwa wenye mali. Toleo jipya la Ubuntu au Debian halikosi sida, la miaka kumi iliyopita linaweza kukosa.

Wengine wanabonyeza kiungo cha sumaku, kile kinachoanza na neno "magnet", na programu inabaki inatafuta maelezo ya faili bila kuyapata. Kiungo hicho kimebeba alama ya utambulisho, si orodha ya vipande. Orodha hiyo inabidi iombwe kwa watu wengine waliopo mtandaoni. Mitandao ya hosteli na ofisi mara nyingi huziba njia hiyo. Dawa yake ni kwenda kwenye tovuti ya wenyewe na kuchukua faili dogo la torenti badala ya kiungo. Lina orodha yote ndani yake pamoja na anwani ya kuulizia, yaani seva inayotaja nani ana faili.

Hapo kuna kisa ambacho mafundi wengi wanakipita. Anwani ya kuulizia ya Ubuntu inatumia njia salama ya https, na njia hiyo hukagua tarehe. Kompyuta kuukuu ambayo betri yake ndogo ya kutunza saa, CR2032, imekufa, umeme ukikatika, huamka ikiamini tuko miaka mingi nyuma. Cheti cha usalama kinaonekana hakijaanza kutumika, torenti inakataa, na kurasa nyingi za wavuti zinakataa pia. Mwenyewe anadhani ni virusi. Tazama saa pembeni ya skrini kwanza, rekebisha tarehe, kisha nunua betri.

Juu ya kasi ndiko kwenye malalamiko mengi. Jirani ana kifurushi cha Mbps 10, programu inamwonyesha MB 1.2 kwa sekunde, anaamini kampuni inamwibia. Haimwibii. Kasi ya kifurushi hupimwa kwa biti, ya programu kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 10 ni MB 1.25 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo GB 6 zinachukua kama saa moja na dakika ishirini, ikiwa hakuna mwingine nyumbani anayetazama video.

Lakini yuko ambaye kweli anapata kidogo kuliko haki yake, na mara nyingi kinachomkaba ni upakiaji, yaani data anayowatumia wengine. Torenti hupokea na kutoa kwa pamoja. Kila data unayoipokea inahitaji jibu dogo la kurudi kusema imefika. Njia ya kwenda ikijaa kwa sababu unawagawia watu bila kikomo, majibu hayo yanakwama kwenye foleni na upakuaji nao unapungua. Simu ya WhatsApp ya mwenzako wa chumba cha pili inaanza kukatakata, kisha nyumba nzima inanuna. Weka kikomo cha upakiaji kiwe kama asilimia 80 ya uwezo wa laini yako: ukiwa na Mbps 2 za kupakia, ambazo ni KB 250 kwa sekunde, andika 200. Usiandike 0 ukidhani umefunga, kwa sababu katika qBittorrent 0 maana yake ni bila kikomo. Wala usiandike 1 kwa ubahili. Wanaovuta faili pamoja nawe huwapa kwanza wale wanaowapa, na asiyetoa kitu anawekwa nyuma.

Bando nalo linahesabu pande zote mbili. Ukimaliza kuvuta GB 6 ukaiacha programu igawe mpaka uwiano wa ulichogawa kwa ulichovuta ufike 1, umetumia GB 12. Mwenye intaneti isiyo na kipimo aache igawe, tena ninamwomba aache, maana ndivyo sote tunavyopata. Mwenye kifurushi cha usiku cha simu aweke kikomo cha uwiano katika mipangilio, isimalize bando akiwa amelala.

Ruta ndogo za nyumbani huganda zikifunguliwa miunganisho mingi mno. qBittorrent huja na ruhusa ya miunganisho 500. Ishushe hadi 100 na mara nyingi kuganda kunakwisha. Ukuta wa usalama wa Windows nao huuliza mara ya kwanza kama programu iruhusiwe, na watu kwa hofu wanakataa. Nenda kwenye orodha ya programu zinazoruhusiwa uweke alama. Usiuzime ukuta wote kama vijana wa mtaani wanavyoshauri.

Faili likikwama kwenye GB 4 na programu ikaandika kosa la diski wakati nafasi ipo, angalia flashi au diski ya nje unayohifadhia. Nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili linalofika GB 4. Hamisha vilivyomo, ipange upya kwa exFAT, na kumbuka kuipanga upya kunafuta kila kitu. Umeme ukikatika na programu ikaamka ikisema faili lina kasoro, usilifute. Bonyeza kulia, chagua "Force recheck", nayo itapitia vipande kimoja kimoja na kuvuta vilivyoharibika tu. Ukikagua mara mbili ukapata asilimia tofauti bila kuvuta kitu katikati, shuku diski au RAM ya mashine yenyewe. Torenti ikiwa hivyo inafanya kazi ya kipimo cha maabara: imegundua ugonjwa ambao ungekula mitihani ya wanafunzi wako baadaye.

Kuhusu virusi, mwandishi wenu alikuwa na haki ya kuonya, ila alionya mahali pasipo. Programu ya torenti haizalishi virusi; faili ulilochagua kulivuta kutoka kwa mtu usiyemjua ndilo linaweza kuvibeba. Windows huficha viishio vya majina ya mafaili, kwa hiyo "kitabu" cha KB 900 kinaweza kuwa kinaishia na .exe nawe usikione. Washa uonyeshaji wa viishio. Chukua torenti kwenye tovuti ya wenye faili, na ukimaliza linganisha alama ya uhakiki ya SHA256 waliyoichapisha. Windows ina amri ya certutil ya kuihesabu, haihitaji kununua kitu.

Nimeliweka hadi sasa kwa makusudi jambo linalowachosha watu zaidi. Video nyingi za mafundisho, ambazo hutengenezwa na watu wa Marekani na Ulaya, husema dawa ya torenti polepole ni kufungua mlango (port) kwenye ruta ili wengine waifikie kompyuta yako. Vijana wanakesha wanafungua milango na hakuna kinachobadilika. Kwa wengi wetu hakiwezi kubadilika. Ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie anwani ya IP iliyopewa na kampuni ya intaneti. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, maana yake hamna anwani yenu wenyewe. Kampuni imewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mlango uliofungua kwako hauonekani nje hata kidogo. Intaneti ya simu iko hivyo karibu siku zote. Torenti itafanya kazi hata hivyo, kwa kuwa kompyuta yako inaweza kuwatafuta wengine yenyewe, ila wao hawawezi kukutafuta wewe, na faili lenye sida wachache litakwenda kwa kusuasua. Chagua mafaili yenye sida wengi, ulale.

Wengine huambiwa watumie VPN, huduma inayopitisha intaneti yako kwenye seva nyingine. Kwa faili halali la Ubuntu huihitaji, nayo mara nyingi inapunguza kasi. Tena Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitangaza Oktoba 2023 kwamba wanaotumia VPN watoe taarifa zao kwake, jambo ambalo wanaouza VPN mitandaoni hawawaambii wateja. Ninachokitaka mimi ni kampuni za intaneti ziandike kwenye vipeperushi vyao, kwa Kiswahili, kama mteja anapata anwani yake au anachangia, na kasi ya kupakia ni kiasi gani. Mara nyingi wanaandika kasi ya kupakua peke yake. Mtu ananunua laini ya gharama akidhani inamfaa kwa kazi fulani, kumbe haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na hakuna aliyemwambia.

La mwisho ni kwa walimu wenzangu. Ndani ya qBittorrent kuna mpangilio wa kutafuta wenza walioko kwenye mtandao huohuo wa ndani. Uwashe kwenye kompyuta zote za maabara, zianzishe zote kuvuta torenti ileile, nazo zitapeana vipande zenyewe kwa zenyewe kupitia waya wa ndani. Sehemu kubwa ya faili inaingia kwa bando mara moja na kugawanywa chumbani bila kugharimu tena. Mkitumia Wi-Fi, hakikisheni ruta haijawekewa kizuizi cha vifaa kuonana. Zipo shule ambazo kila mashine inavuta faili lake kutoka nje kwa zamu, bando linaisha kabla ya nusu ya darasa kupata, na mkuu wa shule anakata tamaa na mradi mzima.

Ndugu Mhariri, naomba ukurasa wenu wa teknolojia uyachapishe haya, au uyachunguze na kuyaandika vizuri kuliko nilivyoandika, kabla shule hazijafunguliwa Januari. Walimu wanaohamisha maabara zao kutoka Windows 10 wataanza kazi hiyo wakati wa likizo, na wengi wao wanasoma gazeti hili.

Mwalimu wa sekondari,
Kihesa, Iringa