Tuachane na dhahabu, sarafu zetu zinakataliwa benki

Mhariri,

Nawasoma miaka mingi sijawahi kuwaandikia, ila ile makala yenu eti shilingi ya Tanzania inashuka kwa vile haina dhahabu nyuma yake imenichosha. Hela gani leo ina dhahabu nyuma yake? Dola yenyewe Rais Nixon wa Marekani aliikata na dhahabu Agosti 1971. Shilingi yetu nayo ilipoanza 1966 ilirithi nafasi ya ile ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoegemea pauni ya Mwingereza, 20 kwa moja. Hiyo dhahabu BoT, yaani Benki Kuu yetu, wanayonunua siku hizi ni akiba tu, huendi dirishani na noti ya elfu kumi ukakatiwa kipande.

Hela ni hela kwa sababu aliyeitoa anaipokea na sisi wote tunapokeana, basi. Si mliona zile noti za 1985 mpaka 2003 zilizoondolewa? Mwisho wa kubadilisha ulikuwa 5 Aprili 2025, kesho yake karatasi ni ileile, wino uleule, na dukani hupewi hata kiberiti.

Sasa kinachoniuma. Mama yangu anauza maandazi, sarafu zake anazipanga kumi kumi anazifunga na karatasi za daftari, nikampeleka benki moja hapa mjini aziweke kwenye akaunti yake, dada wa dirishani hata hakufungua furushi moja, akasema mama sarafu hatupokei, nenda kabadilishe madukani uje na noti. Madukani! Huko huko ambako hamsini wanaikataa wanakupa pipi, na konda naye akiiona anakurudishia mkononi. Sarafu ya mia ina sura ya Mwalimu, imetolewa na Benki Kuu, halafu benki inaikataa mbele ya foleni nzima mama wa watu anarudi na mzigo wake kichwani, sasa muuza duka atawezaje kuiheshimu?

Na mawakala nao, salio unaliona kwenye simu, ukienda kutoa unaambiwa keshi hamna, zunguka, na ukiipata makato juu.

Kila tawi la benki lifungue dirisha moja la sarafu Jumanne asubuhi, na mashine ya kuhesabia iwepo. Na nyie kila Jumatatu ukurasa wa pili chapeni picha za sarafu zote halali, pande zote mbili, na namba ya BoT ya kupiga ukikataliwa. Mkianza wiki hii nakala ya kwanza naenda kuibandika mwenyewe mlangoni pa ile benki.

Msomaji wenu,
Morogoro