Kikao cha magoti: ni Alhamisi, si Jumatano

Habari za jioni wapendwa. Kikao na wenzetu wa Uingereza kuhusu ugonjwa wa kuchakaa kwa magoti kimesogezwa: Alhamisi saa nane kamili mchana (kwao saa sita), chumba cha juu ya maktaba. Fikeni robo saa kabla, projekta yetu mnaijua.

1. Eksirei za magoti: kila picha isomwe na wawili, kila mtu peke yake, daraja 0 hadi 4 la Kellgren-Lawrence (kipimo cha kuchakaa kwa goti: 0 ni zima, 4 limechakaa sana). Msinong'onezane! Eksirei haionyeshi gegedu lenyewe (tabaka laini linalofunika ncha za mifupa), tunakisia kwa nafasi iliyobaki kati ya mifupa, na jicho hudanganya. Juzi goti moja mimi nilisema daraja la 3, mwenzangu la 1.

2. Dodoso la WOMAC (maswali kwa mgonjwa kuhusu maumivu, ukakamavu na shughuli za kila siku): kuna swali la kuingia na kutoka kwenye hodhi la kuogea. Bibi mmoja alinicheka, yeye anaoga kwa ndoo na kata. Badala yake napendekeza tuulize kuhusu kuchuchumaa chooni, au kupanda daladala. Njooni na yenu.

3. Chai: sh. 5,000 kwa mweka hazina.

Andikeni hapa "nipo" au "sipo" kabla ya Jumatano saa mbili usiku. Atakayekaa kimya nahesabu hayupo, na maandazi nitaagiza kwa idadi hiyo.